USIUDHARAU MLIO WA BAISIKELI

Katika sehemu nyingi za nchi yetu baisikeli ni kama mtumishi wa nyumba asiyedai mshahara. Asubuhi humpeleka karani kazini, mchana huleta maji, na jioni hupeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga. Mkulima afugaye ng'ombe wa maziwa huitegemea zaidi, maana maziwa hayamngoji mtu. Yasipofika barabarani kabla lori la chama halijaondoka, kazi ya kukamua ya asubuhi ile imekuwa bure. Kwa hiyo baisikeli ikiharibika njiani, kilichoharibika si chuma tu, bali ni pato la siku nzima.

Lakini baisikeli imara ni ghali, na watu wengi hununua ile iliyo rahisi. Hapana aibu katika jambo hilo, kwa kuwa kila mtu hununua kwa kadiri ya mfuko wake. Shida ni kwamba baada ya miezi michache twawasikia wenye baisikeli hizo wakinung'unika. Huyu asema pedali imemwangukia njiani, yule asema gurudumu limepinda, na wa tatu alalamika kwamba mnyororo waruka kila apandapo kilima. Wote husema kwamba chuma chake ni kibaya na kwamba wamepunjwa dukani.

Pengine wasema kweli. Walakini ukichunguza vema utaona kwamba hasara nyingi za namna hii zilianza na kitu kidogo kilicholegea, nacho kilitoa mlio kwa muda mrefu kabla ya kuvunjika. Mwenye baisikeli aliusikia mlio huo akauzoea. Makala haya ni ya kumsaidia mtu aujue kila mlio unasema nini, na afanye nini siku ile ile.

KWA NINI BAISIKELI NYINGINE NI RAHISI

Umbo la baisikeli kubwa nyeusi, ambayo watu wa Kenya huiita Black Mamba, limetokana na baisikeli za zamani sana. Mwaka 1885 J. K. Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baisikeli iliyoitwa Rover, yenye magurudumu mawili yaliyokaribia kulingana kwa ukubwa, na mnyororo wa kuvuta gurudumu la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, aliyekuwa daktari wa wanyama mjini Belfast, alipata hati ya kulinda mpira wake wa kutiwa upepo. Tangu siku hizo viwanda vya Uingereza, India na China vimetengeneza baisikeli nyingi mno, na asili yake ni ile ile.

Basi mwenye kiwanda atakaye kuuza kwa bei ndogo hufanya mambo mawili. Kwanza hutumia chuma kilicho laini zaidi katika ekseli, krenki na nati. Pili hupunguza muda wa kuunganisha na kukaza. Mara nyingi baisikeli hufika dukani ikiwa vipande vipande ndani ya boksi, na mtu wa dukani huiunganisha upesi kwa kuwa wanunuzi wanangoja.

Jambo la kwanza hatuwezi kulirekebisha, kwa sababu chuma laini kitabaki kuwa laini. Lakini jambo la pili twaweza kulirekebisha wenyewe kwa spana mbili, nyundo na grisi kidogo. Tena chuma laini kilichokazwa vema hudumu muda mrefu, bali chuma laini kilicholegea hutafunwa upesi. Kwa hiyo mwenye baisikeli rahisi hana budi kuiangalia zaidi kuliko mwenye baisikeli ya bei kubwa, hasa katika mwezi wa kwanza, wakati kila kiungo kinapotafuta mahali pake pa kukaa.

HESABU YA MLIO MMOJA

Huenda msomaji akasema, "Mlio mdogo wadhuru nini?" Natupige hesabu. Chukua baisikeli yenye meno 48 katika gurudumu la meno la mbele na meno 18 katika lile la nyuma. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja huenda kiasi cha mita 2.2. Kwa hiyo pedali zikizunguka mara moja, baisikeli huenda karibu mita 6. Karani akaaye kilomita 10 kutoka kazini huzungusha pedali kiasi cha mara 1,700 akienda, na mara 1,700 akirudi. Kwa siku tano za kazi ni mara 17,000.

Ikiwa krenki imelegea, kila mzunguko huipiga juu ya ekseli yake kwa uzito wa mguu wa mtu. Hebu fikiri: nyundo ikigonga mahali pamoja mara 17,000 kwa juma moja, ni chuma gani kitakachostahimili? Hii ndiyo sababu mlio ambao siku ya Jumatatu ungetulizwa kwa kukaza nati, Jumatatu ya pili huhitaji krenki mpya na ekseli mpya.

KOTAPINI

Tuanze na mlio huo, kwa kuwa ndio wa kwanza kusikika katika baisikeli mpya. Krenki ni ule mkono wa chuma unaoshika pedali. Katika baisikeli nyingi nyeusi krenki hushikwa na kabari ndogo ya chuma ambayo mafundi huiita kotapini. Upande wake mmoja ni bapa, nao hukaa juu ya sehemu bapa ya ekseli. Ikilegea, mguu husikia "tak" kila pedali ipitapo juu na kuanza kushuka.

Watu wengi hukimbilia kukaza nati ya kotapini kwa nguvu zote, mpaka nyuzi za nati zikakatika. Wafahamu kwamba nati haikuwekwa kuivuta kabari. Kazi yake ni kuizuia tu isirudi nyuma. Kabari huingizwa kwa nyundo. Njia iliyo njema ni hii: weka kipande cha bomba la chuma au gogo gumu chini ya krenki, kisimame juu ya sakafu na kuishika krenki barabara, kisha piga kichwa cha kotapini mapigo machache thabiti. Ndipo ukaze nati kwa kiasi. Ukipiga pasipo kuishikiza krenki, pigo lote litapita katika ekseli na kuziumiza gololi zake.

Ukiisha kufanya hivyo, endesha kilomita chache, kisha rudia tena. Kotapini mpya haikai sawasawa kwa mara moja. Ikiwa waweka mpya pande zote mbili, tazama kwamba zinakwenda kinyume: nati moja ikitazama juu, ya pili hutazama chini. Zikiwekwa upande mmoja, krenki mbili hazitanyooka, na mguu mmoja utakuwa kama wa mtu mwenye kuchechemea.

PEDALI YA KUSHOTO

Mlio wa pili ni wa pedali yenyewe. Hapa wengi huharibu mali yao kwa kutojua kwamba nyuzi za pedali ya kushoto zimekatwa kinyume na za kulia. Zilifanywa hivyo makusudi, ili mwendo wa kuzunguka usiifungue pedali. Pedali nyingi zimepigwa herufi L kwa kushoto na R kwa kulia. Mtu akiilazimisha pedali ya kulia iingie upande wa kushoto, chuma laini cha krenki kitakatika nyuzi, na baada ya hapo hata pedali iliyo sawa haitashika.

Kanuni ya kukumbuka ni moja kwa pande zote mbili. Simamisha spana juu ya pedali, kisha ivute ncha yake ya juu kuelekea gurudumu la mbele: pedali hukazika. Ukiivuta kuelekea gurudumu la nyuma, hulegea. Anza kwa vidole kwanza. Ikiwa pedali haitaki kuingia kwa vidole walau mizunguko miwili au mitatu, itoe uanze upya, wala usitie spana.

FUNZO LA BAISIKELI YA GURUDUMU MOJA

Kiko chombo kinachoonyesha mambo haya mawili wazi zaidi, nacho ni ile baisikeli ya gurudumu moja waitumiayo wachezaji wa sarakasi. Haina mnyororo wala breki ya mkono. Krenki zake zimefungwa katika ekseli ya gurudumu lenyewe. Mchezaji akitaka kwenda husukuma mbele, akitaka kupunguza mwendo husukuma nyuma. Kwa hiyo krenki hupata nguvu ya kwenda na kurudi katika kila mzunguko, na katika zile za bei rahisi hulegea upesi sana.

Mtu akiendelea kucheza nayo ikiwa imelegea, tundu la krenki hupanuka, na likiisha kupanuka halikazwi tena na nati yoyote. Tena kwa kuwa gurudumu ni moja, mtu aweza kulifunga kinyume asitambue. Hapo krenki ya kushoto huwa kulia, na pedali zote mbili huanza kujifungua zenyewe njiani. Wachezaji wenye akili hutazama herufi L na R kila wafungapo gurudumu, na wakisikia krenki ikicheza hushuka papo hapo. Sisi wenye magurudumu mawili hatuanguki upesi kama wao, ndiyo maana twachelewa kushuka.

GOLOLI NA GRISI

Ndani ya ekseli ya krenki, na katikati ya kila gurudumu, mna gololi ndogo za chuma zinazozunguka katika vikombe. Baisikeli rahisi mara nyingi huja na grisi kidogo mno, na vikombe vyake huwa vimekazwa kupita kiasi au vimelegea. Kuvipima ni rahisi. Inua gurudumu, ushike tairi, ulisukume kushoto na kulia. Likicheza, vikombe vimelegea. Kisha lizungushe polepole. Likikwaruza kama kwamba lina mchanga ndani, vimekazwa mno au grisi imekwisha. Gurudumu lililo sawa halichezi wala halikwaruzi, tena likiachwa lenyewe husimama pole pole, sehemu nzito ikiwa chini.

Grisi ni bora itiwe upya mara baisikeli inunuliwapo, na tena baada ya mvua za masika. Gololi zikionekana na madoa au zimepasuka, badilisha zote za upande ule. Usichanganye mpya na kuukuu, kwa kuwa zile mpya ni kubwa kidogo na zitabeba mzigo wote peke yake.

SPOKU NA MZIGO

Spoku ni vile vijiti vyembamba vya chuma vinavyoshika gurudumu. Katika baisikeli nyingi nyeusi gurudumu la mbele lina spoku 32 na la nyuma lina 40, kwa sababu mzigo mwingi hukaa nyuma. Mitungi miwili ya maji ya lita 20 ni kilo 40, bila kuhesabu mwendeshaji wala mitungi yenyewe. Spoku zikilingana kwa kukazwa, kila moja hubeba sehemu yake. Moja ikilegea, jirani zake huongezewa kazi, na moja ikivunjika zile za kando hufuata.

Njia ya kuzijaribu ni kuzigonga moja moja kwa spana na kusikiliza. Spoku za upande mmoja zapaswa kutoa sauti zinazokaribiana. Ile inayotoa sauti nzito kama iliyolala imelegea. Ikaze kwa nusu ya mzunguko tu, kisha zungusha gurudumu uone kama lanyooka. Kazi ya kulinyoosha gurudumu lililokwisha pinda mpe fundi, kwa kuwa papara yaweza kulipinda zaidi. Fahamu pia kwamba ncha ya spoku iliyokazwa sana hutokeza ndani na kuchoma mpira wa ndani. Kwa sababu hiyo usikubali gurudumu lifungwe bila utepe wa mpira unaofunika ncha hizo.

Kuhusu mzigo, uweke chini kwa kadiri iwezekanavyo na uufunge usichezecheze. Mzigo unaoyumba hupiga spoku, keria na fremu kwa pamoja.

MNYORORO

Mnyororo ukilegea huruka, nao mara nyingi huruka kilimani, wakati mtu amesimama juu ya pedali kwa uzito wake wote. Ukiwa umekazwa sana hula meno na gololi. Ufunge hivi kwamba ukiubonyeza katikati kwa kidole ushuke na kupanda kiasi cha sentimita moja hadi mbili. Zungusha pedali na kupima tena mahali pengine, maana magurudumu ya meno ya baisikeli rahisi huenda yasiwe ya mviringo kamili.

Kuujua mnyororo uliokwisha si kazi ya kubahatisha. Vipande 24 vya mnyororo mpya hupima inchi 12 kamili. Vikipima inchi 12 na thumuni, ubadilishe. Ukiuacha, utakula meno ya magurudumu, na hapo utanunua vitu vitatu badala ya kimoja.

Watu wengi humwaga oili nzito iliyotoka katika motokaa. Oili hiyo hushika vumbi, na vumbi lililochanganyika na oili hukata chuma kama tupa. Tia tone moja moja la mafuta mepesi, zungusha pedali, kisha ufute mnyororo kwa kitambaa mpaka nje yake iwe karibu kavu. Mafuta yanayohitajiwa ni yale ya ndani.

BREKI

Makosa tuliyoyataja mpaka hapa huleta hasara ya fedha. Kosa la breki laweza kuleta msiba. Baisikeli nyeusi nyingi zina breki za fimbo za chuma zinazobana raba kwenye ringi. Fimbo hizo zimeunganishwa kwa skrubu ndogo ambazo hulegea kwa mtikiso wa barabara mbovu. Kila asubuhi, kabla ya kupanda, bana breki ya mbele uisukume baisikeli, kisha fanya vivyo hivyo kwa ya nyuma. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja.

Jambo jingine ni mvua. Ringi ya chuma ikilowa maji, breki hushika kidogo sana kuliko inaposhika ikiwa kavu. Mtu mwenye mzigo asingojee kufika katikati ya mteremko. Aanze kubana taratibu akiwa bado juu, ili raba zifute maji kwanza. Mteremko ukiwa mkali na mzigo ukiwa mzito, kushuka na kuikokota baisikeli ni akili, wala si woga.

FUNDI ASIDHARAULIWE

Yako mambo ambayo mwenye baisikeli hawezi kuyafanya, na hapo fundi ahitajiwa. Nchini kwetu fundi wa baisikeli hukaa chini ya mti au kando ya soko akiwa na boksi la spana, na wengine humwona mtu mdogo. Wakumbuke kwamba Wilbur na Orville Wright wa Dayton, Marekani, walifungua duka la baisikeli mwaka 1892, na kwamba eropleni yao iliyoruka tarehe 17 Desemba, 1903, ilizungusha mapanga yake kwa minyororo ya namna ya baisikeli. Kadhalika shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, halikutosheka kugawa baisikeli huko Zambia. Lilifunza pia mafundi wa vijijini, maana baisikeli bila fundi haikai siku nyingi.

Unapompelekea fundi baisikeli, usimwambie tu, "Imeharibika." Mweleze mlio unasikika wapi, kama ni mara moja kwa kila mzunguko wa pedali au kwa kila mzunguko wa gurudumu, na kama husikika kilimani au hata tambarare. Mlio wa kila mzunguko wa pedali hutoka kwenye pedali, krenki au ekseli yake. Ule wa kila mzunguko wa gurudumu hutoka kwenye gurudumu. Maneno hayo machache yatampunguzia fundi kazi ya kutafuta, nawe utalipia kilichoharibika tu.

DESTURI YA KILA JUMA

Twashauri kila mwenye baisikeli ajiwekee siku moja katika juma, kama vile Jumamosi jioni, na ashike utaratibu huu. Aifute baisikeli kwa kitambaa, kwa kuwa mwenye kufuta huona ufa kabla haujawa mvunjiko. Akaze nati za magurudumu mawili, usukani na kiti. Ashike krenki mbili, moja kwa kila mkono, azitikise kinyume: zikicheza, atazame kotapini siku ile ile. Agonge spoku, apime mnyororo, ajaribu breki. Mtu aliyezoea humaliza kwa muda wa robo saa.

Kwa baisikeli mpya utaratibu huu ufanywe kila siku tatu katika mwezi wa kwanza, na krenki zitazamwe baada ya safari ya kwanza. Ununuapo, usione haya kumwomba mwenye duka spana na kuijaribu kila nati mbele yake.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtu aliyenunua baisikeli rahisi hana fedha za kujenga ukuta, la sivyo angenunua ile ya ghali. Basi auzibe ufa mapema. Akisikia "tak" chini ya mguu wake asubuhi akiwa na maziwa nyuma, ashuke akaze kwa spana iliyo katika mfuko wake. Atachelewa dakika tano, lakini maziwa yatafika.